Tone la Mafuta Juu ya Kioo

Maabarani walimwita Sina Shida, kwa kuwa hilo ndilo jibu alilompa kila aliyemuuliza hali. Daktari aliyeongoza utafiti alikuwa na kawaida ya kuwauliza wanafunzi wake kila wiki kama wanalala, kama wanakula, kama kuna kinachowasumbua. Wanafunzi wenzake Sina Shida walilalamika mpaka basi. Yeye alitabasamu na kusema hana shida, ilhali asubuhi hiyohiyo alikuwa amesinzia wima akinawa mikono. Aliamini kwamba mwanafunzi akikiri kuchoka atafukuzwa. Nani alimwambia? Hakuna. Alijitungia mwenyewe, akajitisha mwenyewe.

Utafiti ulihusu upimaji wa kifua kikuu. Makohozi ya kila mgonjwa yalipimwa kwa mashine mpya, na pia kwa macho ya binadamu kwenye hadubini, kisha majibu yakalinganishwa. Kwa macho, unadondosha tone la mafuta juu ya kioo chenye makohozi, unashusha lenzi mpaka iguse yale mafuta, unatafuta vijiti vyekundu, ambavyo ndivyo vijidudu vya ugonjwa. Ukimaliza, unaifuta lenzi kabla ya kuweka kioo kingine. Hata aliyeanza jana analijua hilo.

Siku moja mashine ilisema fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, hana kitu. Sina Shida akasema anacho: vijiti viwili vitatu, vyekundu kabisa. Daktari akaviona mwenyewe, akafurahi kupita kiasi. Akampongeza mbele ya wote kwa kuishinda mashine, na fundi cherehani akaitwa aanze dawa za miezi mingi.

Sifa hizo zilimkolea hadi kesho yake. Alikuwa akifuta lenzi, mkono ukasita. Kioo kilichotangulia kile cha yule mama, cha mgonjwa mwingine, kilikuwa kimejaa vijidudu tele. Je, aliifuta lenzi katikati? Hakukumbuka kuifuta, alichokumbuka ni kope zake zilivyokuwa nzito. Lenzi isiyofutwa huzoa vijidudu kwenye kioo cha mtu na kuviacha kwenye kioo cha mwingine. Akinyamaza, atabaki shujaa, na mama wa watu atameza dawa za ugonjwa usio wake. Akisema, atafungasha virago.

Aliogopa, tena sana. Akaenda hivyohivyo.

"Nadhani sikufuta lenzi, dokta," akasema. "Nilikuwa nimechoka. Nimechoka tangu nianze hapa."

Daktari hakufoka. Alivua miwani, akafikicha macho, akakiri kwamba alitamani mno macho yaishinde mashine, ndiyo maana hakuuliza mara mbili. Yalichukuliwa makohozi mapya, yakapimwa kwa mashine na kwa watu wawili tofauti. Hakuna kitu. Daktari akampunguzia Sina Shida zamu, akamwambia wataongea vizuri akishalala, ila kwanza waende wote wawili wakamwambie mama wa watu.

Fundi cherehani aliwasikiliza nyumbani kwake, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni. Sina Shida alieleza kosa lake bila kumung'unya maneno, akaomba radhi, akasubiri matusi. Aliyastahili, na alilijua hilo. Yule mama aliuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo mjukuu wangu naweza kumbeba?"

"Mbebe, mama."

Mama akataka kuita chumba cha ndani aletewe mtoto, akaona atacheleweshwa. Akainuka akaenda kumchukua mwenyewe.