Kaburi la Shangazi Aliye Hai

Niliacha shule wiki ile walipomvunja baba vidole. Alikuwa amekopa dawa za pamba, mvua ikakata mapema, pamba ikabaki vitumba vilivyofumba. Waliomkopesha wakatuma vijana na fimbo. Baba alishika kamba ya maksai, wakampiga mkononi mpaka akaiachia. Bila maksai hakuna shamba, na bila shamba hakuna ada. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuzunguka. Nimeanika dagaa Nkome, nimebeba viroba vya mawe machimboni, na kila nifikapo nauliza watu wanafanya nini na wanapata nini. Wengine hunitukana. Wengi hujibu.

Ndiyo maana mdogo wangu alinitegemea mimi. Alikuwa amepata nafasi ya kusoma sosholojia chuo kikuu, na fomu ya mkopo wa serikali ilitaka mdhamini. Mdhamini tuliyekuwa naye ni baba peke yake.

"Deni lina mtu nyuma yake," baba alisema, "na huyo mtu ana fimbo. Hiyo sosholojia inalipa nini?"

Hakuna aliyejua. "Kaka, wewe si unazurura?" mdogo wangu akaniambia. "Nenda kamwulize binti wa jirani. Usimwulize mshahara tu. Mwulize kama anajuta."

Binti wa jirani alikuwa amesoma fani hiyohiyo kwa mkopo wa namna hiyohiyo. Baada ya chuo alikaa muda mrefu mjini, mtaa wa Kambarage, kwenye kibanda cha kutuma na kutoa pesa, kazi ambayo hata mimi ningeiweza. Kisha akapata mkataba wa kuorodhesha mali za watu waliotakiwa kupisha barabara ya malori. Nilimkuta katika kijiji kimoja karibu na Segese, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa, kijiji kizima kimemzunguka.

Siku hiyo walikuwa wanahesabu makaburi. Kila kaburi lilikuwa na fidia yake, na mwanamume mmoja mwenye shati la kijani alikuwa nayo kadhaa nyuma ya nyumba, udongo wake bado mbichi.

"Hili la nani, baba?" binti aliuliza.

"La shangazi yangu. Dada yake marehemu baba."

Binti akainua kichwa, akatazama barabarani. "Shangazi yako si yule pale anayeuza mihogo? Shikamoo, shangazi!"

"Marahaba, mwanangu!" bibi akaitikia, hana habari. "Kwani nani amekufa?"

Kijiji kikapasuka kwa kicheko. "Mzimu wako umepandisha bei ya mihogo!" mtu alipaza sauti. Hata mimi nilicheka. Mwenye shati la kijani hakucheka. Aliokota mpini wa jembe, akampiga binti mkononi, nikausikia mfupa. Akampiga tena begani, na pigo lililofuata likampasua juu ya jicho. Wenzake binti wakakimbilia kwenye gari. Nilimrukia yule bwana kiunoni, tukaanguka wote juu ya kaburi la shangazi. Aliniuma sikio, nami nikamjaza ule udongo mdomoni mpaka akakohoa.

Waliokuwa wakicheka wakamgeukia kwa fimbo, kwani uongo wake ungewaharibia fidia wote. Walimpiga kama wanavyopigwa wezi wa ng'ombe. Aliyemwokoa ni yule bibi, aliyejitupa juu yake akipiga kelele, "Mwacheni! Aliyezikwa ni mimi, si nyinyi!"

Nilimpakia binti kwenye bodaboda mpaka zahanati. Alikuwa anashonwa nilipomwuliza, kwa aibu, swali lililonileta.

"Mwambie mdogo wako hivi," alisema. "Nikiwa na mkataba, deni linakatwa kabla mshahara haujanifikia, na unaobaki haupishani sana na wa pale kibandani. Mkataba wenyewe unaisha makaburi yakiisha. Nikikosa kazi hawana cha kukata, lakini deni halifi. Linaningoja."

"Walishawahi kuja kwenu na fimbo?"

Alinitazama kwa jicho moja. "Fimbo? Wanatuma ujumbe kwenye simu."

"Unajuta?"

"Nilimjua shangazi yake kwa sababu nilishinda pale siku nyingi nikiuliza nani ni mtoto wa nani. Kazi hiyo naipenda, wewe. Ninachojuta ni kumsalimia yule bibi mbele za watu." Tabibu alivuta uzi. "Chuoni walitufundisha mtu anaulizwa faragha. Mimi nikataka kuchekesha."

Nyumbani nilieleza yote. Baba aliuliza jambo moja.

"Kwa hiyo aliyempiga si anayemdai?"

"Si anayemdai."

"Na mshahara?"

"Mdogo, baba."

Mdogo wangu alikuwa ametazama sikio langu muda wote. Akaisogeza fomu mezani. "Nimesikia," alisema. "Bado nataka."

Baba alijaribu kushika kalamu kwa vile vidole visivyokunjika. Ikaanguka. Akaishika tena, ikaanguka tena. Akaiacha sakafuni, akachovya dole gumba kwenye wino.

"Hao wa simu wakichoka, siku moja wakaja kwa miguu," alimwambia mdogo wangu, "waelekeze kwangu. Mimi nimeshazoea."

Kisha akalibonyeza kwenye fomu, kwa nguvu, mpaka meza ikalia.