Bendi Iliyoimba kwa Kinywa Chetu

Wiki iliyopita mwenzangu mmoja kazini alituma video fupi kwenye kundi letu la simu. Kabla sijaiona picha, nilisikia gitaa. Lilikuwa na ule mkwaruzo wake kama bati linaloburutwa juu ya changarawe, na papo hapo pua yangu ikajaa harufu ya majani mabichi ya mikaratusi na vumbi la mahindi yanayopukuchuliwa, ingawa nilikuwa nimeketi ofisini Dar es Salaam, mbele ya feni. Walikuwa Radi ya Kusini. Wamezeeka, mwimbaji ana kipara sasa, lakini ukumbi waliopigia umejaa mpaka mlangoni. Chini ya video watu walikuwa wanashindana kucheka. Mmoja aliandika kwamba hajui ni mtu wa namna gani anayeweza kutoka nyumbani kwake akawasikilize hawa.

Mimi ninamjua mtu wa namna hiyo. Alinizaa. Na kwa kuwa nilichotaka kuandika kwenye kundi lile kingenifukuzisha kazi, nawaeleza ninyi.

Tulikuwa tunaishi Matogoro, upande ule ambao mashamba yanakaribiana na msitu wa milimani. Mama alikuwa Mmatengo wa milima ya Mbinga, aliyeletwa Songea na ndoa. Baba alishinda kwenye safari za mbao, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya Mama, ya mdogo wangu Imelda na yangu. Chumba cha uani kilipangwa na Bi Mwajuma, Myao wa Nalasi, aliyekuwa akiuza korosho sokoni. Mama alisali rozari, Bi Mwajuma alisali swala tano, na katika mambo mengi walikuwa hawakubaliani, kuanzia kiasi cha chumvi kwenye mboga hadi namna ya kumlaza mtoto mwenye homa. Ila kwa jambo moja hawakubishana kamwe. Radi ya Kusini ilikuwa bendi yao.

Walikuwa vijana wanne wenye magitaa ya umeme, na muziki wao waliuita roki. Sitawadanganya kwamba walikuwa mafundi wakubwa. Mpiga ngoma alikuwa na tabia ya kukimbia kadiri wimbo ulivyokaribia mwisho, kama mtu aliyeona mvua inakuja na nguo zake ziko kambani. Mwimbaji alivaa koti zito la ngozi hata jua likiwa la utosi. Mwalimu wetu wa Kiswahili alipotusikia tunaimba nyimbo zao wakati wa mapumziko, alitukariria kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Mwalimu wa kwaya naye alisema zile ni kelele za kuzimu. Na watangazaji wa redio wakiupiga wimbo wao, waliupiga ili wapate cha kuchekea baadaye. Jambo lililonishangaza hata nilipokuwa mdogo ni kwamba kila walipopiga, ukumbi ulifurika, na kesho yake hukuweza kumpata mtu hata mmoja aliyekiri kwamba alikuwepo.

Walichekwa zaidi kwa maneno yao. Walikuwa na wimbo kuhusu mbolea. Naam, mbolea. “Mbolea imechelewa, mvua imewahi, mke wangu usinitazame hivyo.” Watu wa mjini walishika mbavu. Nani anaimba mapenzi akataja mbolea? Lakini ukiwa umewahi kuona mume na mke wamesimama kimya kando ya shamba la mahindi yanayogeuka manjano, hutacheka. Mimi nilikuwa nimewaona. Nilikuwa nimekaa kwenye tuta nikiwatazama.

Walichekwa pia kwa matamshi. Wimbo wao mkubwa ulihusu baridi ya kwetu, ile ya mwezi wa sita inayomfanya mtu amwonee wivu paka aliyelala jikoni. Wao waliimba “balidi.” “Balidi imeingia, nani ana moto?” Mama naye alisema balidi. Lugha yake ya nyumbani haikumpa ile r, na Kiswahili alikikuta ukubwani, kama mtu anayekuta viatu vya mwenzake mlangoni akaambiwa avivae aende navyo.

Bendi zilizosifiwa ziliimba Kiswahili cha mafumbo, cha mawimbi na waridi na huba. Mama alizicheza bila kinyongo. Siku moja tu, akiwa anachambua maharage, aliniuliza huyu Laazizi ni mtu wa wapi, maana kila anayeshika kipaza sauti anamlilia yeye.

Nilipokuwa darasa la sita, likaja tamasha la bendi katika uwanja mmoja pale Songea mjini. Lilikuwa la mchana, na bendi zilitoka mikoa mbalimbali. Mama alituvika sare za kitenge, akajitanda khanga yake mpya, tukashuka mjini kwa miguu pamoja na Bi Mwajuma aliyebeba korosho za kutafuna. Uwanja ulikuwa unanuka mishikaki na moshi wa jenereta. Tulitandika khanga kwenye majani, karibu sana na jukwaa, kwa sababu Mama alisema hakutembea kote kule aje kutazama visogo.

Mshereheshaji alikuwa ametoka Dar es Salaam, kijana mwenye ulimi mwepesi. Kila bendi aliikaribisha kwa sifa. Ilipofika zamu ya Radi ya Kusini, wakiwa bado wanafunga nyaya zao nyuma yake, akajikunyata kama mtu anayetetemeka, akasema balidi, balidi. Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Nilimtazama mwimbaji. Alikuwa ameinama akilikaza gitaa, na hakuinua kichwa. Mshereheshaji akaongeza kwamba yeye amezunguka nchi nzima na hajapata kumwona mpenzi wa bendi hii kwa macho. Akaomba kama yupo asimame, tumwone.

Hakuna aliyesimama. Watu wale walikuwa wanazijua nyimbo zile mwanzo hadi mwisho, niliwasikia wakiziimba sokoni, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, kwenye misa za jumuiya wakidhani Mungu hasikii. Wote wakatazama majani. Mpaka leo nikiukumbuka ukimya ule napandwa na hasira kuliko nikikumbuka kicheko.

Kisha Mama akasimama.

Nilimshika pindo la khanga nimvute chini. Akanitoa mkono taratibu, kama mtu anavyobandua mbegu ya majani iliyong'ang'ania nguo. Mshereheshaji alifurahi sana. Alishuka jukwaani, akamwekea kipaza sauti mdomoni, akamuuliza anapenda nini kwa watu hawa.

“Hawa nawaelewa mpaka mwisho,” Mama alisema. “Wale wengine nawacheza tu.”

Baadhi ya watu wakacheka, wengine wakanyamaza. Yule kijana akaona mchezo unampotea. Akamwomba, kwa adabu ile inayoumiza kuliko tusi, aseme neno baridi ili watu wote wasikie.

Mama alimtazama. “Balidi,” alisema.

Kicheko kilichofuata nakisikia hata leo. Bi Mwajuma alifumba macho, akanong'ona jina la Mwenyezi Mungu. Imelda alianza kulia. Mama alisimama palepale, mikono ameikunja tumboni kama anayesubiri zamu zahanati, mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

“Umeelewa nilichosema?” akamuuliza.

“Nimeelewa, mama.”

“Basi.”

Akaketi. Bi Mwajuma akasimama mahali pake, mfuko wa korosho mkononi. Kisha akasimama fundi baiskeli mmoja, kisha wanawake wa soko la ndizi, kisha hata sikuweza kuona jukwaa. Radi ya Kusini wakaanza kupiga. Mpiga ngoma alikimbia mno siku ile, wimbo uliisha kabla ya wakati wake, wakalazimika kuurudia.

Njiani tukirudi nilikuwa nimefura. Nilimuuliza Mama kwa nini aliwaacha wamcheke. Alikuwa anatazama mawingu juu ya Matogoro, akifikiria maharage aliyoyaanika.

“Niliulizwa, nikajibu,” alisema, akatuhimiza tutembee.

Nikahitimisha, kwa akili ya mtoto, kwamba Mama hakuelewa wanamchekea nini. Nilidhani alidhani wamefurahi tu. Kwa miaka mingi nilimhurumia kwa jambo hilo, nikaapa sitamwambia.

Baadaye nilikwenda chuo kikuu. Katika semina ya kwanza niliyothubutu kuzungumza, niliongea kwa haraka na kwa moto, na neno utaratibu likanitoka kinywani likiwa “utalatibu.” Hawakucheka sana. Walitabasamu tu, wakatazamana, na mmoja akalirudia chinichini kwa jirani yake. Muhula ule wote sikunyoosha mkono tena. Nilikuwa nayajua majibu, nikayameza. Aliyewahi kuchekwa kwa kinywa chake anajua: unaanza kuyapima maneno kabla ya kuyatoa, ukikwepa yenye mtego, mpaka unabaki na machache, kisha unaona afadhali kunyamaza.

Likizo ilipofika nilimkuta Bi Mwajuma peke yake uani. Nikamsimulia yaliyonipata, nikamwambia Mama ana bahati, kwa kuwa yeye hakujua kama anachekwa.

Bi Mwajuma aliacha kubangua korosho.

“Hakujua?” alisema. “Mama yako alipofika mji huu, wauza duka walimcheka mpaka akaacha kusema. Zaidi ya mwaka alikuwa ananunua chumvi kwa kunyoosha kidole. Nilidhani ni bubu, wallahi. Siku moja dukani wakapiga kaseti ya wale vijana, ule wimbo wa balidi. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia mwenye duka, kwa sauti, nataka chumvi na kibiliti.”

Wenzangu wanaandika kwenye simu kwamba Radi ya Kusini haina ujumbe, na wanashangaa mashabiki wake hawaishi. Wao wanadhani bendi inapendwa kwa gitaa lake. Sisi tulipewa kinywa. Mtu aliyekupa kinywa humtupi kwa sababu mpiga ngoma wake anakimbia.

Na Mama alijua. Siku ile uwanjani, kabla hajakubali kulitamka lile neno, alijua vizuri kuliko mtu yeyote aliyekuwepo kitakachofuata, kwa sababu kilikuwa kimekwisha kumfunga mdomo mara moja. Mimi nilimvuta khanga nikidhani namwokoa na asichokijua. Alikuwa anakijua, akakisimamia, akalisema neno lake kama alivyolijua yeye.

Mwezi wa pili wa muhula uliofuata, mhadhiri aliuliza swali. Nikanyoosha mkono.