Aliyeongea kwenye Mazishi ya Mama

Katibu wa kamati ya jumuiya yetu aliponipigia simu kuniomba nisome wasifu wa mwenyekiti siku ya mazishi yake, nilikubali haraka mno hadi akaniuliza kama niko sawa. Nilikuwa sawa kabisa. Nilimchukia yule mzee akiwa hai, na sikuona sababu ya kuacha eti kwa kuwa amekufa.

Kwa mujibu wa karatasi waliyonipa, alizaliwa Kisii, akaenda Marekani akiwa kijana, akaishia Ohio. Aliosha vyombo, akaendesha malori ya mahindi, kisha akayamiliki hayo malori, akawa mzee wa kanisa na kiongozi wa Wakenya wa kule. Mkewe, muuguzi, alipopata kazi Sydney, mzee aliuza malori akamfuata. Haikupita miaka mingi akawa na kampuni ya kupeleka wahudumu kwenye nyumba za wazee, kuanzia Blacktown mpaka Penrith, na sisi tukamfanya mwenyekiti wa jumuiya. Hayo yote ni kweli. Kilichoachwa ni mdomo wake.

Mtu yule hakuweza kukusalimia bila kupitia Ohio. Ukimkaribisha chapati, Ohio walipika kubwa zaidi. Ukilalamikia joto la Penrith, atakueleza theluji. Ndugu mmoja Mkongo aliyekuwa akipakia mizigo ghalani alituambia, "Papa huyu, hata akifika mbinguni atasema Ohio iko bien zaidi." Tulicheka kwa sauti ya chini, maana wengi wetu tulipata zamu za kazi kupitia kampuni yake. Ukimuudhi, hakugombezi. Simu yako inaacha tu kulia. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kumwambia aketi.

Kisha mama yangu akafariki kule nyumbani. Viza yangu ilikuwa haijatoka, na ningetoka Australia nisingeruhusiwa kurudi, kwa hiyo ikabidi nimzike kupitia runinga. Nyumba yetu ya Penrith ilijaa watu. Wanawake walipika pilau uani, vijana wakaunganisha simu na runinga, na kaka yangu upande wa pili akaweka simu yake karibu na kaburi. Alikuwa amepatana na mchungaji kwamba kabla jeneza halijateremshwa nitapewa nafasi, sauti yangu itoke kwenye spika, niongee na mama.

Sikuwa na hotuba. Mama aliamini Sydney imejaa wezi, na kila tulipoongea hakukata simu kabla ya kuniuliza kama nimefunga mlango. Nami nilimjibu, "Nimefunga, mama. Lala." Hayo ndiyo niliyotaka kumwambia, basi.

Mwenyekiti aliingia na koti lake la vifungo vya dhahabu, na kama ilivyo desturi yetu, watu wakampa kiti cha mbele. Kiti cha mbele kilikuwa kando ya simu. Sisi Wakenya tunajijua. Kwenye msiba kiongozi husalimia kwanza, mfiwa baadaye, na mtu akishapewa kipaza sauti hakirudishi kwa hiari yake. Bado tukamketisha pale pale.

Mshereheshaji wa kule nyumbani akasema, "Sasa tusikie Australia. Kama kuna kiongozi huko, tuanze na yeye."

Kabla sijafungua mdomo, mzee alikuwa ameshasimama na simu mkononi. "Itifaki imezingatiwa," akaanza. "Nawasalimu kwa niaba ya Wakenya wote wa Sydney. Mimi nikiwa Ohio, we buried a man in the snow, ardhi ilikuwa ngumu kama concrete."

Nikamgusa mkono. "Mzee, naomba simu. Ni mama yangu."

Akaifunika kwa kiganja. "Subiri, my sister. Protocol ni protocol."

Akaendelea. Alikuwa amefika kwenye malori yake nilipoona jeneza linashuka. Mvua ilikuwa imeanza kule, na mchungaji, kaka alinieleza baadaye, alidhani mzee anaongea kwa niaba yangu. Sebule nzima iliona udongo unaingia. Hakuna aliyemnyang'anya ile simu, si mume wangu, si wale wanaume waliojaza makochi yangu, kila mmoja na zamu zake za wiki ile. Alipomaliza alinikabidhi simu akasema, "Haya, sasa wewe." Kwenye runinga kulikuwa na migongo ya watu wakikimbilia hema. Nikaita haloo, haloo. Kisha mwenyekiti akaomba pilau, akaniambia Ohio huweka nyama nyingi zaidi.

Kwa hiyo nilipopewa wasifu wake nilijua la kufanya. Ningeusoma wote kwa Kiswahili changu kizuri, na mwisho niongeze kwamba marehemu alipenda kuongea, hata kwenye kaburi la mama yangu. Ohio wangesikia, Kisii wangesikia. Nilikuwa nikilifanyia mazoezi hilo kwenye treni, midomo ikienda, hadi abiria wa karibu nami akahama kiti.

Mazishi yalianzia kwenye ukumbi wa kanisa, St Marys. Kwenye skrini kubwa alikuwepo mama mzazi wa mwenyekiti, kikongwe mwenye leso kichwani. Kwao kulikuwa ndiyo kunapambazuka, na tulisikia jogoo. Alikuwa ameomba jambo moja, aongee na mwanawe kabla hajapelekwa makaburini. Mshereheshaji akasema ataongea, ila tuanze na viongozi. Wakaanza. Kiongozi wa chama hiki, mchungaji wa kanisa lile, mwakilishi wa diwani, kisha mtu wa Ohio kwa simu. Wenye gari la maiti walikuwa wamesimama mlangoni wakitazama saa.

Nilipoitwa, mshereheshaji aliniinamia sikioni. "Sister, soma yote. Mama hataongea tena, tutamwombea tu, we're running late."

Nikatazama skrini. Kikongwe alikuwa amesogea karibu na simu, midomo ikienda, bado anafanya mazoezi ya maneno yake. Hasira iliyonipanda sijui niipe jina gani. Nilikunja maisha ya mwenyekiti nikayaacha juu ya meza.

"Mama, ongea," nikasema.

"Sister, protocol..." mshereheshaji akaanza.

"Keti," nikamwambia, naye akaketi.

Kikongwe aliongea kwa lugha ya kwao, ambayo ni ya kwetu pia, kwa hiyo nilimwelewa vizuri. Alimwita mwanawe baba. Alisema, "Umeongea sana, baba. Sasa nyamaza upumzike." Watu wakacheka, kisha wakalia. Mimi nilisimama pale na sumu yangu mdomoni. Yeye alikuwa ameshalisema lile lile nililokusudia, ila alilisema kwa kumpenda.

Nje walinishika mkono, wakasema nimetenda jambo la upendo. Haukuwa upendo. Nilimwonea wivu mama yule, kwa sababu alimuaga mtu wake.

Nilipofika Penrith nilifunga mlango, nikaujaribu kama umeshika, nikasema maneno yangu kwa sauti. Kaburi la mama lilikuwa limeshaota nyasi. Mwenyekiti sijamsamehe mpaka leo.