"Ndege imeanguka": Ujumbe uliomkalisha Chausiku sakafuni

Saa mbili asubuhi, Korogwe. Chausiku Sufiani, 41, amesimama mbele ya ubao wa chaki, simu mkononi, macho hayabanduki kwenye mistari miwili. Kila mstari ni ndege moja. Kampuni nzima ina hizo mbili tu, ndogo, zinazoitwa kwa simu kama bodaboda.

Kazi yake ni kuangalia zisipitishe saa za kuruka zinazoruhusiwa kabla ya ukaguzi, wala zisilale bure. "Ndege ikikaa chini inakula vilevile," anasema. "Bima, maegesho, mshahara wa rubani. Milioni tatu kwa wiki, na haijapakia mtu!"

Jumanne moja mwezi uliopita, nusura aiache kazi hiyo. Rubani Deogratius alikuwa ameruka kwenda kijiji cha Sindeni kumchukua Husna, mjamzito aliyekuwa akitokwa na damu. Ndege ilibakiza saa nne tu za kuruka kufikia ukaguzi, na Chausiku ndiye aliyeidhinisha iende. Mara ujumbe ukaingia kutoka kwa mzee Muhidini, mlinzi wa kiwanja cha Sindeni: "Ndege imeanguka. Kichwa kimekatika."

"Yarabi toba! Nilikaa sakafuni kama mzigo," anasimulia. "Nikasema, nimemuua Deo. Nimemuua kwa kubania saa nne!"

Alipiga simu mara tano ndipo mzee akapokea, anahema.

"Mwanangu, si ndege ya Deo! Ni ndege, korongo! Kapigwa na pangaboi wakati Deo anatua. Deo mzima, huyu hapa."

"Ameanguka, mzee! Ungeandika ameanguka!" Chausiku alifoka, hata shikamoo kaisahau.

"Mtu akitetemeka anachagua herufi, mwanangu?"

Alicheka huku analia. Lakini ndege iliyogonga hairuki mpaka fundi aikague, na Husna damu ilikuwa haijakata. Ya pili ilikuwa hapo Korogwe, imeshalipiwa, wanunuzi wawili wa dhahabu wamekwishafunga mikanda. Chausiku akawashusha, ndege ikaenda kumchukua Husna.

Wale wakadai fedha zao palepale, na bosi akamnunia wiki nzima. Husna alifikishwa hospitali, akajifungua mtoto wa kike, wote wazima.

Sasa kwenye ubao kuna mstari wa tatu, mtupu. Ameuchora mwenyewe.

"Miaka tisa nafundishwa kwamba ndege inayokaa bure ni hasara," anasema. "Namwomba bosi ya tatu. Ikae hapo, ikae bure kabisa, ingoje simu ya Sindeni."