Kahindi, wa Kwanza Kwetu Kulipwa kwa Mpira

Sisi tuliokulia Matsangoni kabla televisheni haijafika, mpira tuliuona kwa macho yetu na vumbi lake tukalila. Ulikuwa wa matambara, umefungwa kwa kamba za mkonge, na ukilowa mvua huwa mzito kama nazi. Wasichana nasi tulicheza, tena pekupeku, mpaka mama aite kwa ile sauti ambayo ukiikaidi unalala bila sima.

Hodari wetu alikuwa kaka yangu mkubwa, Kahindi. Mguu wake wa kushoto, jamani. Akipiga mpira, kipa hukwepa. Basi siku moja akaja mgeni kutoka Mombasa, ananukia marashi, akamwambia baba kwamba timu ya kiwanda chao yamtaka Kahindi. Si kwa kubeba magunia. Kazi yake itakuwa kucheza tu, na kila mwisho wa mwezi atapokea mshahara.

Baba, aliyetulea kwa jembe, alimtazama mgeni kama mtu anayeuziwa upepo.

"Mpira ni wa watoto," alisema. "Mwanamume mzima alipwe kwa kukimbia?"

"Baba, na huko pia nitatoka jasho," Kahindi akajibu taratibu.

Akaondoka bila radhi ya baba. Mama alimlilia jikoni, na tangu siku hiyo baba hakulitaja tena jina lake.

Kisha habari ikatufikia: timu ya Kahindi yaja kucheza Malindi. Kijiji kizima kiliwaka. Tulijazana kwenye lori la kubebea mawe, tukaimba njia nzima hadi sauti zikakauka. Baba alisema ana magugu ya kupalilia, hana nafasi.

Uwanja ulifurika. Kahindi akatokea na soksi hadi magotini na viatu vya njumu, vya kwanza mimi kuviona maishani. Nilimwita mpaka nikapaliwa. Lakini kila akigusa mpira walimwangusha, na nyuma yetu jamaa mmoja akapaza sauti: "Mvivu huyo. Amekimbia shamba aje kuchezacheza."

"Huyo ni mwanangu," mtu akamjibu. "Mwache, yuko kazini."

Tuligeuka. Alikuwa baba, vumbi hadi magotini, amekuja kivyake.

Dakika za mwisho Kahindi akaunasa mpira, akawapita wawili, akafyatua kushoto. Wavu ukatikisika. Baba alirusha kofia yake juu, na hadi leo hatujaiona.

Kahindi alicheza miaka kadhaa mpaka goti lilipomkatalia, akarudi nyumbani kutengeneza baiskeli. Majuzi vijana wa bodaboda, wamevaa jezi za timu za Uingereza, walimuuliza alichezea klabu gani. Akawatajia. Hawakuijua. Ajabu, hao hao wanamjua hata kipa wa akiba wa huko Ulaya, wanajua na goti la kipa huyo linalouma ni lipi, wanamgombania kwenye vibanda vya kutazamia mpira hadi kununiana, ilhali kukimbilia tuktuk tu wanahema.

Nawacheka, lakini nawahurumia pia. Wao humshangilia mtu ambaye hatawajua kamwe. Wetu sisi, jioni ile ya bao, alikuja nyumbani, akavua viatu mlangoni, akamwamkia baba shikamoo, tukala naye sinia moja.