Chungu Nilichokirudisha Motoni

Zamani kwetu Kasigau hakukuwa na karatasi ya kuzaliwa. Ukitaka kuanza shule, mwalimu alikusimamisha kando ya ukuta wa kanisa akakuambia upitishe mkono wa kulia juu ya kichwa ushike sikio la kushoto. Ukilishika, miaka inatosha. Usipolishika, rudi ukachunge mbuzi. Mimi nilikuwa na kichwa kikubwa na mikono mifupi, na mpaka leo ndivyo nilivyo, kila shati ninalonunua mke wangu hulikata mikono kwanza. Nilirudishwa mwaka wa kwanza, nikarudishwa na wa pili. Mama yangu alikuwa amesimama pale pale, leso kiunoni. Akasema, "Mwalimu, huyu alizaliwa msimu ule nzige walikula mpaka majani ya paa. Nilimzaa mimi. Nilikuwepo."

Mwalimu hakumtazama. "Mama, mkono haujafika."

Mwaka wa tatu niliinamisha kichwa kidogo, sikio likaja lenyewe, nikaandikwa. Wakati huo nilikuwa mrefu kuliko wenzangu wote darasani na nimeshaanza kuona haya. Niliishia darasa la tatu, baba alipoumia mguu kwenye shamba la mkonge na mtu wa kuchunga akakosekana. Nilipokwenda kuchukua kitambulisho, karani aliniandika nimezaliwa siku ya kwanza ya mwaka, kama nusu ya kijiji chetu. Ukitazama vitambulisho vyetu utadhani huku watu walizaa siku moja tu, halafu wakapumzika.

Sisemi haya kwa sababu ya shule. Kuandika huku nilijifundisha ukubwani, kwa magazeti ya kufungia sukari, na anayenisoma atavumilia. Ila yale maneno, mkono haujafika, nilidhani yameniisha, mpaka mwaka juzi.

Mama alikuwa mfinyanzi. Udongo alichimba kwenye shimo moja tu, chini kwenye korongo, mwendo wa asubuhi nzima, ingawa udongo mwingine ulikuwa mlangoni kwetu. Wa mlangoni ulipasuka motoni. Alikuwa na masharti mengi. Usipige mluzi karibu na vyungu vibichi. Usivihesabu kabla havijapoa. Na moja nitalitaja vizuri kwa sababu ndilo lililoniponza: chungu kilicholala nje muda mrefu, cha kuokota au cha nyumba ya marehemu, hakiingii ndani mpaka kirudishwe motoni kwanza, kiwe chekundu kama siku yake ya kwanza. Sababu hakuwahi kuieleza. Mimi nilidhani ni kuwatoa tandu waliojificha ndani.

Nyuma ya shamba langu, kwenye ardhi ya ranchi yetu ya jamii, kulikuwa na kilima kidogo cha mawe meusi, mazito, yenye matundu kama mkate. Si mawe hasa. Ni mavi ya chuma, takataka za watu wa kale walioyeyusha chuma hapo. Tulipokuwa watoto tuliyatia kwenye kombeo tukafukuzia nyani. Mama alisema waliofanya kazi hiyo ni watu wetu. Na watu wetu, kama hujui, walihamishwa wote wakati wa vita vya wazungu, wakapelekwa pwani, na waliorudi baada ya miaka mingi walikuwa wachache. Mama alirudi akiwa msichana. Kwa hiyo karatasi zote za upande wetu zinaanzia siku ya kurudi. Mtu akitaka kukuumiza vizuri anakuambia, nyinyi mmekuja juzi. Kilima kile ndicho kilichokuwa jibu langu.

Sasa, ndovu. Ndovu wa huku wanakula mahindi kama waliyapanda wao. Tukafundishwa kuzungushia shamba mizinga ya nyuki, mmoja hapa, mmoja pale, imefungwa kwa waya, ndovu akisukuma waya nyuki wanatoka. Inasaidia kiasi. Kuna ndovu mmoja alipita chini ya waya kwa magoti, hilo nililiona mwenyewe na hakuna aliyeniamini. Nilikuwa nachimba mashimo ya nguzo, na shimo la mwisho likaangukia ukingoni mwa kile kilima. Nilipita mavi ya chuma mpaka nikazama kiunoni, halafu jembe likalia sauti nyingine. Kilikuwa chungu. Kimelala kifudifudi, kizima, isipokuwa mdomo nilioumega mwenyewe kwa jembe. Chini yake palikuwa na chuma chembamba kama jani, kimeliwa na kutu.

Nikakibeba hadi nyumbani. Mke wangu akasimama mlangoni.

"Hicho hakiingii kwangu."

"Kimekaa ardhini miaka yote hiyo, kina ubaya gani?"

"Si ndiyo maana. Mama yako mwenyewe alinifundisha. Kichome."

Nikakichoma, na nilikichoma sawasawa. Mavi ya ng'ombe makavu chini, magogo ya mgunga juu, kutwa nzima, mpaka kikawa chekundu kama kaa. Na kile kipande cha mdomo nikakitia pia, sikutaka kukibagua. Kilipopoa nikakisugua kwa mchanga na maji. Nilipokigonga kilitoa sauti safi. Nilijiona kama mtu aliyemwogesha mgeni wa heshima.

Haikupita miezi mingi, kamati ya ranchi ikaletewa mtu wa kokoto. Alitaka mwamba wote wa upande ule, na kilima kiko njiani. Aliahidi kututengenezea barabara. Barabara yetu ni mbaya, sibishi, mvua ikinyesha hata pikipiki inabebwa. Mwenyekiti, mzee mwenzangu aliyestaafu reli, akasema kilima kitaachwa kama mtaalamu ataandika kwamba ni cha kale. Asipoandika, tingatinga linaingia. Nikasema sawa, maana nilikuwa na chungu changu. Nilikuwa na uhakika kuliko nilivyowahi kuwa nao kwa jambo lolote.

Daktari aliyekuja hakuwa wa sindano. Ni mama wa makamo kutoka upande wa magharibi mwa nchi, kazi yake ni vitu vilivyofukiwa. Nilimpenda. Alivaa viatu vya kazi, na maji ya kwenye kibuyu alikunywa bila kukagua. Alitoa sumaku akaiburuta kwenye mchanga wa kijito, ikaota ndevu nyeusi. Nikacheka, maana sisi tulifanya hivyo hivyo kwa sumaku ya redio iliyokufa. "Huu mchanga mweusi ni chuma, mzee," akasema. Nikamwambia mama alishaniambia. Akachukua mchanga, akachukua mavi ya chuma, akachukua lile jani la kutu. Nikampeleka mpaka shimo la udongo la mama, akachota na hapo.

Chungu alikitoboa chini kwa keekee ndogo, unga ukadondoka kwenye kichupa. Akauliza maswali mengi. Kilikuwa kwenye kina gani? Nani mwingine aliona? Nikamwambia niliona mimi. Udongo uliokizunguka uko wapi? Nikamwonyesha nguzo, nimeishindilia kwa saruji.

"Umekiosha?"

"Nimekiosha vizuri sana."

Akashusha pumzi, akaandika. Kuhusu moto hakuuliza. Na mimi sikusema. Sikuficha, nataka hilo lieleweke. Kwangu mimi kukichoma chungu ni kama mtu kunawa uso. Nani humweleza mgeni kwamba asubuhi alinawa uso?

Aliondoka na chungu, na majibu yalichukua msimu mzima. Tuliitwa Voi, kwenye ukumbi wa kanisa uliokodiwa. Walikuwapo wanakamati, yule mtu wa kokoto, na jirani yangu wa mpaka mmoja, ambaye wanawe walikuwa wameshaahidiwa kazi ya kuvunja mawe. Simlaumu. Nilikuja nimevaa koti. Chungu kilikuwa mezani mbele ya daktari, kimewekwa juu ya taulo.

Daktari alianza na chuma. Mavi ya kilima na mchanga wa kijito chetu vimepimwa, vinafanana. Chuma kiliyeyushwa pale pale, hakikuletwa. Nikamtazama jirani. Akaja kwenye udongo. Udongo wa chungu ni wa lile shimo nililomwonyesha, hakuna shaka. Hapo nilitaka kusimama. Ni lile shimo la mama. Nilikuwa naona kama mama ameingia ukumbini.

Halafu akapunguza sauti. "Kuhusu umri. Kipimo kinaonyesha chungu hiki kilichomwa karibuni. Mwaka mmoja, labda miwili. Si zaidi."

Jirani akakohoa kicheko. "Ngoja nielewe. Udongo ni wa shimo la mama yake, na moto ni wa jana. Mzee, si ungetuambia wewe ni fundi? Tungekuagizia vya kupandia maua."

Watu wakacheka. Hata mwenyekiti alijifuta mdomo.

"Wewe uliniona lini nikifinyanga?" nikamuuliza.

"Nilimwona mama yako. Mkono si unarithiwa?"

Daktari hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi. "Mzee, chungu hiki kiliwahi kurudi motoni baada ya kukitoa?"

"Kilirudi."

"Moto wa jikoni?"

"Moto wa chungu. Kutwa nzima. Hakingeingia nyumbani bila hivyo."

Akafumba macho. Akaniuliza kama kuna kipande chochote ambacho hakikuungua, hata kidogo kama ukucha. Nikamweleza habari ya mdomo, kwamba sikutaka kuubagua. Safari hii hata waliokuwa nyuma walicheka.

Akatueleza, na alieleza vizuri, hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Alisema ndani ya udongo kuna chembe kama mchanga, nazo zinapokea nguvu kidogo kidogo kutoka ardhini, mwaka baada ya mwaka, kama pipa chini ya mfereji wa paa. Maabara wanaupasha moto ule unga, unatoa mwanga, na wakipima mwanga wanajua pipa limekinga muda gani. Lakini moto mkali unalimwaga pipa lote, na kukinga kunaanza upya.

"Kwa hiyo mimi nimelimwaga," nikasema.

"Ndiyo, mzee."

Angenigombeza ningepata nafuu. Aliongea kama anayetoa pole msibani.

Mwenyekiti akagonga meza kwa kalamu. "Daktari, unaweza kuandika kwamba kilima ni cha kale?"

"Siwezi kuandika nisichopima."

"Unaweza kuandika si cha kale?"

"Hilo pia siwezi. Ndani ya mavi ya chuma huwa kunanaswa vipande vya mkaa. Mkaa una kipimo chake kingine. Lakini lazima nichimbe mwenyewe, kwa utaratibu, na kibali. Kiangazi kijacho."

"Mashine ziko Maungu," akasema mtu wa kokoto, kwa upole kabisa. "Zimeshapakiwa kwenye lori."

"Na barabara?" akasema jirani, sasa hachezi. "Mke wangu alijifungulia njiani, mnajua. Mgonjwa akizidiwa kiangazi hiki, tumbebe ndani ya chungu chake?"

Habari ya barabara sikubishana nayo. Nilikuwa na lingine la kusema. Nikasimama, nikasema, "Mimi nilikuwepo. Nilikitoa kwa mikono hii. Kilikuwa chini ya mavi ya chuma, na mavi yale yalikuwa juu yake hayajaguswa. Mtu hawezi kukiingiza chungu chini ya kilima bila kukiondoa kilima kwanza. Hilo linataka mashine gani?"

Daktari akasema, "Nimeliandika hilo, mzee. Liko kwenye ripoti."

"Limeandikwaje?"

Akafungua karatasi, akasoma. "Kwa maelezo ya mwenye shamba."

Mwenyekiti akasema, "Tumekusikia, mzee, na tunakuheshimu. Lakini kipimo kimesema vingine." Akaomba wanaokubali kokoto wainue mikono. Ikainuka. Mingi tu, mirefu kwa mifupi. Mmoja ni wa shemeji yangu.

Nimewaza sana tangu siku ile nani nimkasirikie. Mke wangu alishika alichofundishwa. Mama alifundisha alichofundishwa, na ajabu ni kwamba pengine aliyekifinyanga chungu kile naye alikuwa na sharti hilo hilo. Daktari hakudanganya hata neno moja. Jirani ana watoto. Nimezunguka pande zote nikitafuta mtu wa kumshika shati, na kila nikizunguka nakuta ni mimi na yale magogo yangu ya mgunga, natabasamu, nachochea.

Pale ukumbini sikuwaza hayo yote. Nilichukua kofia yangu. Daktari akainuka, akakishika chungu kwa mikono miwili pamoja na taulo lake.

"Mzee, chungu chako."

Nilikuwa nimefika mlangoni. Nilimsikia, wala si kwamba masikio yamezeeka.

"Mzee, angalau chuma."

Nikashuka ngazi. Nikapita soko la Voi, nikavuka reli, nikafika barabara kuu nikiwa na koti begani, nikapata lori linaloelekea Mombasa, likanishusha Maungu kwa binti yangu. Mke wangu alinifuata baada ya wiki na kuku wake. Shamba na mizinga nikamwachia mdogo wangu. Mlima wetu wa Kasigau unauona kutoka huku asubuhi ikiwa safi, na mimi huketi upande mwingine wa nyumba. Sijarudi.