Shimo la Mama Furaha

Majuzi, kando ya ziwa hapa katika mji wa Buffalo, ng'ambo ninakoishi sasa, nilimwona mwanamke akiwafokea watoto watoke kwenye barafu iliyofunika maji, isije ikapasuka. Walimtazama kwa jicho baya, nami nikamkumbuka Mama Furaha, jirani yetu kule kijijini, ufukoni mwa Ziwa Kivu.

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na shimo lenye majani mabichi. Kila tulipolisogelea alitufukuza. Siku moja tuliona humo mbuzi aliyekufa bila jeraha, tukaamini kwamba jirani ni mchawi.

Alasiri moja, upepo ukinuka sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, zilizoanikwa juani, mdogo wangu Neema aliteremka kuchungulia, akaanguka kimya. Mama Furaha alikuja mbio, akabana pumzi, akashuka na kumtoa.

"Musirudie kuingia mule," alisema akihema. "Kuko mupepo mubaya."

Leo najua kwamba kule hewa ya sumu hutoka ardhini na kutulia mashimoni bila kuonekana. Siku ile nilijiuliza tu kwa nini yeye hakuanguka.

Neema alipozinduka, mama yetu alilia, kisha akamkamata jogoo wetu na kumpelekea jirani kwa mikono miwili. Nilimtazama kutoka mlangoni, nikiwa na hakika kwamba mama amekubali kumlipa mchawi ili atuachie mtoto.